Miche Kumi na Miwili Nyuma ya Jengo

Nilikuwa nikipanga ghorofa ya tatu ya jengo la matofali ya saruji, kwenye mteremko mmoja wa Bukavu ambako mvua ikinyesha kila mtu wa chini anapokea maji ya mtu wa juu. Sisi tulikuwa watu wa juu. Ukuta wa nyuma ulitazama magharibi, na wakati wa kiangazi, kuanzia saa nane mchana, ulimeza jua mpaka chumba cha watoto kikawa tanuri la mkate. Vumbi la barabara liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Nafundisha biolojia sekondari, na nilikuwa nimechoka kuwaeleza wanafunzi faida za majani huku mwenyewe nikiishi ndani ya sanduku la saruji.

Nikamwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuuvika ukuta ule mimea. Alikataa mara mbili. Alisema mimea huleta unyevu, mijusi na wapangaji wenye maneno mengi. Mara ya tatu akasema nifanye nitakalo, mradi iwe nyuma, ambako hakuna anayeona.

Nikatandaza nyaya, nikapanda marakuja, yaani pasheni, na shushu, ule mboga-tunda unaotambaa, kwenye bidoni, madumu ya njano yaliyokatwa katikati, safu moja kila ghorofa. Jirani wa ghorofa ya pili alinicheka, akaniuliza kama nafuga nyani. Mwaka wa pili alikuwa akichuma marakuja zangu dirishani kwake bila haya, na mwenyewe ameongeza bidoni tatu za mchicha tunaouita lengalenga. Chumba cha watoto kilipoa. Vumbi lilibaki kwenye majani, ukiyapangusa kwa kidole unaliona. Hata maji ya bati yalishuka polepole, si kwa kishindo kama zamani. Sikuwa nimeuokoa mji, lakini ukuta mmoja ulikuwa umeacha kuwaudhi watu, na nilijivuna kupita kiasi.

Kilichobaki ni chini. Kati ya msingi wetu na ua wa jirani wa bondeni kuna ukanda wa udongo wa hatua nne hivi. Jirani huyo ni mjane, anauza makala, yaani mkaa, sokoni, na ngazi alizochimba kwenye ukanda huo ndiyo njia yake pekee ya kutokea barabarani. Kila mvua ilimega kidogo. Nikaona inatakiwa mizizi ya kuushika udongo. Jumamosi moja nikanunua kule Kavumu miche kumi na miwili ya ule mmea wa majani marefu kama visu, ambao wenzetu wa Tanzania wanauita msale. Haufi ovyo, hauombi maji mengi, ukichomeka fimbo yake tu unaota. Niliipanda kwa mstari mmoja, ukingoni kabisa upande wa bondeni, na ngazi za mjane zikabaki upande wetu. Nilivuta kamba ili mstari unyooke. Nilidhani kamba ni dalili ya akili.

Mjane alirudi jioni. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya miche, akaihesabu, kisha akainua macho hadi kwenye balkoni yangu.

"Papa, nani alikutuma kunikatia parseli?"

Nilimwambia sikugusa kiwanja chake, ni maua tu. Nikaeleza habari za mizizi na mmomonyoko, nikatumia hadi maneno ya darasani. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mlevi, akaingia ndani na kufunga mlango.

Familia yetu ilitoka pwani, ikafika Uvira na biashara ya vitambaa. Tangu enzi za babu tumeishi kwenye nyumba za kupanga, nyuma ya maduka. Mambo ya shamba hatuyajui. Mke wangu ni mzaliwa wa Katana, na siku hizo alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Aliporudi Jumatatu alichungulia dirishani, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Kwao, alisema, mmea ule haupandwi kupamba. Wanaupanda wenye ardhi wawili wakiwa pamoja, mashahidi wakiangalia, na ukishashika mizizi ndio mpaka, hakuna tena wa kuuliza karatasi. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya mjane njia yake mchana kweupe, na kumwagilia maji juu yake.

Nikashuka na jembe saa ile ile. Mwenye nyumba alikuwa ameshafika. Mtu aliyechukia hata jani moja alikuwa akipita kati ya miche akiipapasa. Alinizuia. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta mahali pa kujenga tangi la maji, na mjane ana karatasi moja tu ya zamani ya marehemu mume wake, isiyo na vipimo. Aliniambia sasa ameuelewa mradi wangu. Angenunua nyaya za kuta zote nne, vyungu vya kweli, hata mpira wa kumwagilia, na jengo zima liwe la kijani kuanzia chini hadi kwenye bati. Mjane alikuwa ameshakwenda kushtaki kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, na tungeitwa Alhamisi.

"Useme uliikutaka pale, ilikuwaka ya zamani," alisema. "Weye uliongeza tu."

Sitajifanya mwema. Nilizitamani zile kuta nne. Nilizichora nyuma ya daftari la kuandalia masomo, nikapanga marakuja zikae wapi na kivuli kiangukie wapi. Nilijiambia mjane atapewa njia nyingine. Ipi, sikutaka kujua. Jumatano nikamwona akipanda ngazi zake na gunia la makala mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, akijibana pembeni ili asiguse miche, kama mtu anayekatiza ua wa watu wengine. Niliona aibu mpaka nikarudi ndani.

Alhamisi shefu aliuliza swali moja tu, nani alipanda na nani aliona. Mwenye nyumba akanitazama. Nikasema nilipanda mimi, Jumamosi, peke yangu, bila shahidi, nikidhani ni maua. Watu wakacheka. Mwalimu wa biolojia asiyejua mmea, hata shefu alificha mdomo kwa kiganja. Mwenye nyumba hakucheka. Shefu akaamua kwamba aliyepanda ang'oe mwenyewe, pale pale.

Barua ya kunitaka nihame ndani ya miezi mitatu ilinifikia wiki iliyofuata. Kabla miezi yangu mitatu haijaisha nyaya zote zilikuwa zimekatwa na marakuja zimelala chini. Ukuta ule leo uko uchi, huwa nauona nikipita. Inaniuma, na sioni sababu ya kuficha.

Lakini siku ile niling'oa miche yote kumi na miwili mbele ya watu. Mjane alinifuata nyuma, akifukia kila shimo na kulikanyaga mpaka likawa gumu. Alipomaliza la mwisho akawaita watoto wake, akawapanga mbele yangu kuanzia mkubwa.

"Mumuangalie muzuri huyu papa," aliwaambia. "Siku sitakuwa, njo yeye mutaita, aseme mupaka iko wapi."

Mimi, ambaye sina hata shubiri moja ya ardhi Bukavu. Nilisimama pale na udongo mikononi, nikawaacha wanitazame mpaka watosheke.