Uzi wa Hashil

"Mama Suud, mumeo haoni, sasa sanduku langu la bizari atalikata nani?" Ranjanben, jirani yetu wa Mchafukoge, aliniuliza hivyo mwaka wa thelathini na mbili, mume wangu Hashil, fundi bati, alipopofuka. Nikamjibu nitakata mimi, inshallah. Kazi ile ikiharibika, nani angemletea tena fundi kipofu bati lake?

Hashil alinifundisha kwa mdomo, amekaa mkekani. Sanduku ni kama kanzu, alisema: kwanza unalichora limetandazwa, kuta nne, kitako na kifuniko, vyote vimeshikana, ndipo unakata na kukunja. Kila ukingo niliupima shubiri moja. Nikakunja, kifuniko kikakataa kufunga.

Hashil akakipapasa, akacheka. "Umenikatia kashata, mke wangu, pembe zote za mshazari!"

Akavuta uzi juu ya kifuniko kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, akaushika kwa urefu ule ule, kisha akauvuta kwenye pembe mbili zilizobaki. Haukufika. Kumbe kingo nne kulingana hakutoshi, kipande chaweza kulala upande.

Nikachora bati jingine, nikapima pembe zake kwa uzi ndipo nikakata, na sanduku likafunga barabara. Ranjanben akanisifu mimi tu, fundi mpya, Hashil akisikia. Jirani alipoondoka, Hashil akauzungusha uzi wake kidoleni, akaniambia, "Usikate tena bati kabla hujanishikisha uzi."