Cucu amenishika mkono akaniita marehemu

Leo Cucu, nyanya yangu, ameniita jina la mtu tuliyemzika.

Nilienda Manyatta kumwona. Macho yake hayaoni tena, na nikifika mimi ndiye humwinua kutoka kwa kiti nimpeleke nje aote jua.

Tangu nianze sindano ya kupunguza uzito, nguo zote zimenilegea. Daktari aliniambia nisiache mayai na maharagwe, na nibebe vitu vizito, la sivyo misuli itaenda pamoja na mafuta. Mimi nilikuwa naangalia mizani tu.

(Na nyinyi mlikuwa mnaniambia nimeng'ara.)

Nikamshika kwapani, nikavuta. Hakuinuka.

Nikajaribu tena. Wapi!

Cucu akapapasa mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka bega.

"Igoki," akasema polepole. "Umerudi?"

Igoki alikuwa shangazi yangu. Aliugua akakonda hadi akabaki mifupa, na Cucu ndiye alikuwa akimwosha.

Nyinyi mngesema nini?

"Kaa chini, mwanangu, usijichoshe," akaniambia. "Mwite Wawira aje aniinue. Yeye ana nguvu."

Jamani, Wawira ni mimi.