Upole wa Wodi ya Wazazi

Mama Mashuka, ndivyo hospitali nzima ilivyomwita, alikuwa amefua damu za watu kwa miaka tisa na hakuna doa lililomshinda. Alipopata ujauzito alipimwa virusi vya ukimwi kama wajawazito wote, akarudi kwenye mabeseni yake. Majibu hakupewa, naye hakuuliza. Kama kungekuwa na tatizo wenzake wangemwambia. Mbona hata habari za madaktari wanaochepuka walimwambia?

Tangu hapo mambo yakamnyookea. Manesi wakawa wanamwekea maziwa, wakamwondoa kwenye mashuka mazito, mmoja akamletea glavu mpya. Uchungu ulipomuwahi akajifungulia nyumbani, wakaja kumtazama na nguo za mtoto. Akajiona anapendwa, maskini wa Mungu.

Mtoto alikuwa na miezi saba, ananyonya bila breki, siku ambayo nesi mgeni, aliyehamia juzi tu, alimsimamisha kwenye korido. Alikuwa na daftari la vipimo vya wajawazito mkononi. Akamuuliza dawa zake huwa anachukulia wapi.

"Dawa za nini, mdogo wangu?"

Binti wa watu akaangalia daftari, akamwangalia mtoto mgongoni. Mama Mashuka akaelewa kabla hajajibiwa. Akayakumbuka maziwa, glavu, upole wote ule.

Sista mkuu, ambaye walikuwa wakila naye sahani moja miaka yote, alipoulizwa alilia. Akasema kila mmoja alimwachia mwenzake, maana nani angeanza kumwambia mtu wa nyumbani?

"Mimi mlinionea haya," Mama Mashuka alisema. "Na huyu niliyemnyonyesha, je?"

Siku ile ile akaanzishiwa dawa, na mtoto akatolewa damu kisiginoni. Mashine ingechukua saa mbili. Manesi wakamsihi akapumzike, watamwita. Akakataa katakata. Akaketi sakafuni mbele ya mlango wa maabara, mtoto kifuani. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu azaliwe.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mpimaji wa maabara, mtu wa utani asiyenyamaza hata akiwa na njaa, karatasi mkononi. Alipomwona pale chini akaikunja.

"Dada," alisema, macho ukutani, "subiri kidogo. Sista atakuja kukueleza."