Kichupa cha Kutuliza Uso wa Mwali

Binti yangu alipowekwa ndani kusubiri ndoa, uso wake ulikuwa laini. Pale kwetu Mafiga mwali hakuonwa na jua. Somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, alikuwa mama yangu mdogo, ambaye kila asubuhi alimsinga kwa liwa, sandali iliyosagwa, ili siku ya harusi atoke aking'aa.

Kisha kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mchumba wake kikauzwa, na watu wakaanza kupunguzwa. Mchumba akaacha kuleta salamu. Haukupita muda, chunusi zikamtoka binti yangu kwenye paji la uso na mashavuni, nyekundu na zenye maumivu. Liwa ilizidi kumchoma, nikaomba isimamishwe.

Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu vya nje ambavyo miaka michache nyuma hatukuviona. Nikanunua kichupa cha dawa ya maji, ya kupaka tone moja moja. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Niliyapitia kwa kamusi. Yalisema dawa hiyo hutuliza ngozi iliyochafuliwa na mawazo. Sikuamini wala sikukataa. Nilimpaka shavu la kushoto tu, la kulia nikaliacha ili nilinganishe.

"Wewe," somo akaniambia, "mwali ni chapati, unamkaanga upande mmoja?"

"Nataka kujua kama inafaa, mama."

"Na mume akitokea kesho? Tumwonyeshe upande gani?"

Binti yangu alicheka. Sikumbuki kumsikia akicheka tena mle ndani.

Shavu la kushoto lilipungua wekundu. Nikaanza kupaka uso mzima, nikijiona nimepata njia. Ndipo jirani akaja kutuambia kwamba mchumba naye amepunguzwa. Kesho yake chunusi zilikuwa zimerudi pande zote mbili, zimeshuka hadi shingoni. Niliendelea kupaka. Sikuwa na jambo jingine la kumfanyia.

Mwishowe mjomba wa kijana akaja kutoka Mkuyuni. Hakutaka hata maji.

"Mama, msituelewe vibaya. Tunaomba mngoje."

"Mpaka lini?"

"Hajasema."

"Kwa hiyo amevunja?"

"Hapana. Anasema atamlisha nini mtoto wa watu."

Binti yangu alisikia yote nyuma ya pazia. Mgeni alipoondoka akauliza, "Bibi, nitoke au nikae?"

Mwali hutoka kwa ndoa. Uchumba ukivunjika hutoka pia, kwa aibu, lakini hutoka. Huu wetu haukuwa umefika kwenye ndoa wala haukuwa umevunjika. Somo, aliyewatoa wali wengi, alitazama mkeka.

"Sijawahi kuulizwa hilo," akasema, kisha akanigeukia mimi.

Binti yangu alikuwa amefunua pazia, anatutazama kwa zamu, na hakuna kati yetu aliyemwambia atoke wala akae.