Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Mama Pasi alikuwa na ugonjwa mmoja, tena wa kurithi: hakuweza kunyoosha shati la mtu bila kumwombea. Aliyemwambukiza ni marehemu mama yake. Bibi yule alipiga pasi ya mkaa miaka arobaini katika chumba kilekile cha chini, juu ya meza ileile, na kila nguo iliyopita mkononi mwake aliisemea neno kwa Mungu. Kwenye kola, "Bwana, kilinde kichwa chake." Kwenye mikono, "Bwana, mpe kazi." Mgongoni, "Bwana, mpunguzie mzigo." Wanawe walikua wakidhani nguo hainyooki bila maneno hayo, kama isivyonyooka bila moto. Mama Pasi alikuwa na miaka hamsini na mitatu na bado alidhani hivyo.

Nguo za watu alizitambua kwa nyuzi. Kila mteja alimshonea alama ndogo ndani ya kola, mahali ambapo mvaaji mwenyewe haangalii. Mwalimu alikuwa uzi wa kijani, kinyozi wa chumba cha pili uzi wa njano. Uzi mwekundu ulikuwa wa mtu asiyemjua hata kwa sura. Mashati yake sita yaliletwa kila Jumatatu na dereva mmoja mkavu, hana salamu hana kwaheri, na Alhamisi akaja kuyachukua. Mwaka mzima ukaenda hivyo.

Sasa, wapo watu wakiona shati wanaona shati. Mama Pasi aliona mtu. Alikuta vifungo vya mikono vimetafunwatafunwa, akasema maskini, huyu ana wasiwasi, hata chakula hakimshuki. Alikuta kola imebadilika rangi kwa jasho, akasema huyu halali. Siku alipokuta tone la dawa ya kikohozi kwenye mfuko, loo, ndiyo basi tena! Akamfanya mgonjwa, akamuulia mke, akamwachia na watoto wawili wa kulea. Hakuna aliyemwambia hata moja kati ya hayo, yote aliyapika mwenyewe. "Bwana," akawa anasema kila Jumanne, "mkumbuke Uzi Mwekundu. Hicho anachokihangaikia usiku na mchana, mpe. Mfungulie mlango." Wateja wengine walipata maombi ya mkato. Uzi Mwekundu alipata maombi kamili, na machozi juu.

Na Mungu akasikia. Mimi sijui siku hizo alikuwa anawaza nini, lakini alisikia.

Asubuhi moja wapangaji wa chini walikuta barua imebandikwa kwenye kila mlango. Jengo limeuzwa, litavunjwa, watoke ndani ya siku thelathini. Kinyozi alitukana kidogo, akaenda kutafuta chumba kwingine. Mama Pasi naye chumba angepata. Kilichomkata maini ni meza. Meza hiyo ya mbao nzito mama yake aliundiwa humohumo ndani, na seremala ambaye hakuwaza kwamba kuna siku meza hutoka. Ilikuwa pana kuliko mlango, na miguu yake ilichongwa moja kwa moja na fremu, haifunguki. Kuitoa ni kuikata. Na juu ya meza hiyo mama yake aliegemeza kichwa mchana mmoja, pasi ingali ya moto pembeni, akafa bila kumsumbua mtu.

Basi Mama Pasi akapiga moyo konde. Alikuwa na ombi moja tu kwa mwenye jengo mpya: kwa kuwa ukuta utabomolewa kwa vyovyote, mafundi waanze na ule wa mlangoni, meza itoke nzima. Kazi ya nusu saa. Nani angemkatalia mtu kitu kidogo kama hicho?

Mwenye jengo alikuja wiki ya pili na futi ya kupimia. Mtu wa afya tele, mashavu yanang'aa, mkewe amebaki garini anapaka rangi ya midomo. Alipoinama kupima kizingiti, kola ikajikunja, na Mama Pasi akaona uzi mwekundu. Mshono wake mwenyewe. Yule bwana akasimama, akaanza kupiga hesabu zake za vipimo huku anatafuna kifungo cha mkono, krrr, krrr, kama mtoto na karanga.

Ombi lenyewe Mama Pasi alilitoa kwa sauti ambayo hakuitambua. Yule bwana akamwangalia kama unavyoangalia kiti.

"Tutaona, mama," alisema, akaenda zake.

Jioni Mama Pasi alimsimulia mdogo wake, mpishi wa shule, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika. Mdogo mtu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dada! Mwaka mzima umempigia debe huyo mtu kwa Mungu, unashangaa nini kapita bila kupingwa?"

"Usinicheke."

"Nisikucheke, nikulilie? Shati lake likija, weka pasi mgongoni, uhesabu mpaka ishirini. Hiyo ndiyo amina yake."

Shati likaja. Siku ya ishirini na tisa dereva alileta moja tu, jeupe, jipya, akasema mzee atalivaa kesho kwenye sherehe ya kuanza ujenzi, atalipitia mwenyewe asubuhi. Mama Pasi akatia mkaa, akalitandika mezani. Alitaka kulipiga pasi kama shati, basi, bila neno. Kola ikamshinda. Alipitisha mara tatu na mikunjo ikabaki palepale, au ndivyo alivyoona. Akainua pasi, akaishikilia juu ya mgongo wa shati. Akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Ndiyo, alihesabu, sitamsingizia utakatifu.

Alipofika saba akamkumbuka mama yake. Mama Pasi alikuwa na miaka tisa baba yao alipoleta shati la kuolea mke mwingine, akaliweka juu ya meza hii bila haya. Mtoto alimsihi mama yake alichome. Mama akalinyoosha: kola, mikono, mgongo, na maneno yote. Mtoto alimchukia mama yake mwezi mzima. Alipokuwa mtu mzima ndipo akamuuliza, uliwezaje?

"Nani kakwambia niliweza?" mama alisema. "Siku ile sikunyunyiza maji. Ya machoni yalitosha. Lakini kuomba nilikuwa naomba mimi, si yeye. Ameondoka na mengi, hilo sikumpa."

Mama Pasi akaishusha pasi kwenye kola, na mkono ukaenda. "Bwana, kilinde kichwa chake, mimi sikipendi," alisema. "Mpe kazi, nyingine isiyokuwa hii. Na meza ya mama, tafadhali." Alisema hayo mara mbili, kwa hasira, na yalitoka moyoni kuliko yale yote ya mwaka mzima.

Asubuhi bwana alifika na mafundi wanne nyuma yake. Akalivaa shati palepale, akajitazama kwenye kioo cha gari.

"Mama, hakuna anayenyoosha kama wewe. Nikivaa mashati yako mambo yananyooka yenyewe."

"Ni kwa sababu nakuombea," alisema Mama Pasi. "Kila Jumanne. Mlango uanze kubomolewa, baba yangu, meza itoke. Hilo tu."

Yule bwana akacheka, kicheko cha kweli, mpaka machozi.

"Basi endelea kuniombea, bado kuna jengo la pili! Ila wageni wanakuja saa nne, sitaki vumbi hapa." Akawageukia mafundi. "Kateni."

Mdogo mtu alikuja na mkokoteni wa kuhamia, akakuta msumeno uko katikati ya meza. Alifungua mdomo kutukana, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakutoa kitu. Dada yake alikuwa amesimama kwenye ncha ya pili na pasi mkononi. Mafundi wanakata upande ule, yeye ananyoosha upande huu, meza inatetemeka, shati la uzi wa kijani limetandikwa.

"Bwana, kilinde kichwa cha mwalimu," alikuwa akisema. "Mpe kazi. Mpunguzie mzigo."

Kopo la maji ya kunyunyizia lilikuwa pembeni yake, limejaa. Hakuligusa.