Namba Arobaini na Moja

Niseme mapema, nisije nikaonekana mtu mwema: nimemwonea rafiki yangu wivu miaka yote tuliyojuana, na wivu wenyewe ulikuwa na afya nzuri. Tulizaliwa Kabati, nyumba zetu zikitenganishwa na shamba la mbaazi. Mama zetu huimba kwaya moja mpaka leo. Shuleni alikuwa akinipita kwa alama mbili, tatu hivi, na ingekuwa afadhali kama angenipita kwa hamsini. Mtu anayekupita kwa hamsini unamheshimu tu, maisha yanaendelea. Anayekupita kwa mbili hakuachi ukala ukashiba.

Watu wa kwetu husema ni ajabu shamba moja la mbaazi kuzaa marubani wawili. Mimi sioni ajabu yoyote. Yeye alisema anataka kuwa rubani, nami nikaona siwezi kubaki chini nikimpungia mkono.

Kampuni kubwa, yenye ndege za jeti, ikamwandikia barua ya kazi. Siku kumi na moja baadaye kampuni ndogo ya ndege za propela ikaniandikia mimi. Lakini kabla hajaanza, baba yake akaugua, na ugonjwa ule haukumwacha. Rafiki yangu akaiomba kampuni imsubiri, ikamsubiri miezi miwili. Ninayajua haya kwa sababu barua ya kuomba tuliiandika pamoja, kwenye meza ya jikoni kwao, na siku ya mazishi nilishika jeneza nyuma yake. Alipokwenda kuanza mafunzo, mimi nilikuwa tayari nimeanza kuruka, nikipeleka miraa kaskazini. Kampuni yetu haikumpa mtu mgeni abiria. Mwaka mzima na zaidi ulibeba magunia kwanza, ndipo wakuamini na binadamu.

Halafu Mungu akanikumbuka. Kampuni ndogo hupandisha watu haraka, na miaka sita iliyopita nikawa kapteni, nikahamia kiti cha kushoto. Yeye kwenye jeti lake kubwa alikuwa bado kulia, rubani msaidizi. Mama alinunua kitenge kipya. Jumapili iliyofuata mchungaji akatangaza kanisani, "Kapteni wetu yuko? Asimame tumwone." Nikasimama, watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo kila nikirudi nyumbani husimamishwa. Kanisani kwetu hakuna anayeuliza ukubwa wa ndege. Wanauliza jambo moja tu: "Wewe ndiye unaendesha, ama unasaidia?" Yeye hujibu kwamba anasaidia, na hujibu akicheka. Nilikuwa nikikisikia kicheko hicho nikinywa chai ya baada ya ibada, na chai ilikuwa tamu.

Basi mwaka jana kampuni kubwa ikaimeza yetu. Wenyewe waliita kuungana.

Kwa rubani, orodha ndiyo kila kitu. Ukiwa juu kwenye orodha unachagua likizo ya Krismasi, unachagua kituo, na siku mambo yakiharibika unaachishwa wa mwisho. Orodha hizo mbili sasa ilibidi ziwe moja. Wakubwa wakatoa rasimu iliyopangwa kwa tarehe ya barua ya kuajiriwa, na kwa kuwa ndege kadhaa za propela zingeuzwa, wakaeleza kwamba viti vya kapteni vitaishia namba arobaini na moja. Nikafungua rasimu kwenye simu nikiwa nimesimama uani kwa mama. Namba arobaini na moja alikuwa yeye. Arobaini na mbili, mimi.

Siku kumi na moja. Nilihisi kama zile alama mbili zimenifuata miaka yote, zimeniona, zimenishika shati. Yeye angekuwa kapteni, mimi ningerudi kiti cha kulia, na ratiba ingeweza kunipanga nimsaidie yeye.

Marubani tukaitisha mkutano wetu, bila wakubwa. Nusu tulikuwa wa Nairobi, nusu wa Mombasa, na mtu fulani akaamua kwamba katikati ni Makindu. Wa Mombasa walinung'unika kwamba hata mtoto anaweza kusoma ramani, lakini wakaja, wakashuka treni Kibwezi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa nyumbani wikendi hiyo, akanibeba kwa gari lake kupitia Mutomo na Ikutha. Njia nzima alizungumza habari za bwawa analotaka kumchimbia mama yake. Hakuitaja orodha. Alikuwa akiniita "kapteni," kama kawaida yake tangu nilipopandishwa, bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililoniudhi.

Tulikula kwanza kwenye hekalu la Singasinga, ambako msafiri yeyote hulishwa bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi chini kwenye safu na kila mtu, unapewa chapati na dengu. Nikatazama safu yetu nikaona jambo la kuchekesha. Bila kuambizana, tulikuwa tumeketi kwa kufuata rasimu: namba moja karibu na sufuria, vijana wa mwaka jana huko mwisho, mlangoni. Dereva wa lori aliyekuwa akitafuta nafasi akajipenyeza kati ya rafiki yangu na mimi, akala kwa amani. Kwa robo saa yule dereva alikuwa namba arobaini na mbili, na mimi nimeshushwa tena.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli ng'ambo ya barabara. Kila aliyesimama alianza na wakubwa.

"Wamepaka ndege rangi mpya," alisema mama mmoja, kapteni wa kampuni kubwa, "na mlango wa choo bado unafungwa na tepu. Hao ndio watapanga future yetu?"

"Huyo mkurugenzi ametoka kuuza soda," mwingine akasema. "Anadhani abiria ni kreti."

Kapteni wetu mkongwe, mzaliwa wa Wote, akainuka polepole. "Wanasema hii ni ndoa, sasa tuko familia moja. Mimi ni Mkamba. Kwetu bila mbuzi wa ntheo hakuna ndoa, hata mzae watoto kumi. Mbuzi wetu wako wapi? Sisi hatukuolewa. Tulitoroshwa." Watu wakacheka, hata wale wasiojua ntheo ni nini.

Wakabishana kama kampuni itafika miaka mitatu. Wengine walisema tumeunganishwa ili tunenepeshwe, tuuzwe. Kijana mmoja akasema tugome, akaulizwa ana mkopo wa nyumba, akaketi. Lililorudi kila mara ni moja: wakubwa hawatusikilizi. Waliunda kampuni bila kutuuliza, na hata tukipendekeza nini, kitaishia kwenye pipa la taka.

Nikanyoosha mkono. Hotuba yangu nilikuwa nimeiandaa wiki nzima, nikiisema mbele ya kioo cha bafuni. Nikaanza kwa upole, kwamba barua ni karatasi tu. Mtu anaweza kupewa barua leo, akakaa nyumbani wiki, akakaa miezi, huku mwenzake yuko angani akifanya kazi. Je, ni haki aliyekaa nyumbani ahesabiwe mbele? Sikutaja jina. Sikumtazama. Nikamaliza kwa sentensi niliyoipenda mno: "Rubani haanzi siku anayopokea barua. Rubani huanza siku ya kwanza anapobeba abiria, roho za watu mikononi mwake. Orodha ihesabiwe kutoka siku hiyo."

Wakapiga makofi. Katibu, aliyekuwa wa kampuni kubwa, akaandika maneno yangu neno kwa neno.

"Hapo kwa abiria," mkongwe wa Wote akasema, "tufikirie kidogo. Kuna sisi ambao..."

"Mzee, tusirefushe maneno," nikamkatiza. "Watu wana treni ya kurudi." Niliogopa makofi yatapoa. Wivu una haraka, haupendi mtu afikirie kidogo.

Kura ikapigwa kwa kuinua mikono. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ili nimwangalie kwa chini. Mkono wa rafiki yangu ulikuwa juu.

Tukarudi kwa gari lake, tukaipita Kibwezi. Tulipokuwa juu ya daraja la mto Athi akasema, "Ulihesabu siku za mzee wangu."

"Sikutaja mtu."

"Hukutaja," akakubali. Akaendesha kidogo. "Mimi pia niliinua mkono."

"Niliona. Kwa nini?"

"Si ni ukweli? Hizo siku sikuwa kazini. Nilikuwa na baba."

Alisema hivyo bila hasira, akawasha taa ya kuonyesha kwamba anaupita mkokoteni wa punda. Ningefurahi kama angenitukana. Niliketi pale na wivu mpya kabisa, ambao sikujua kwamba upo: nilimwonea wivu kwa kuweza kusema neno kama hilo na kuendelea kuendesha gari. Nikafikiria pia, Mungu anisamehe, kwamba kwa vyovyote kiti ni changu.

Wakubwa waliotuzoesha kutotusikiliza, safari hii walisikiliza. Barua ikaja kabla ya wiki mbili kwisha: wamelikubali pendekezo la marubani wenyewe, bila kubadilisha hata nukta. Orodha mpya imehesabiwa kutoka siku ya kwanza ya kubeba abiria.

Nikaenda moja kwa moja namba arobaini na moja. Jina lilikuwa la mtu wa Mombasa. Nikapanda juu nikijitafuta, kwa sababu sikuona sababu ya kushuka. Nikamkuta yeye, namba thelathini na sita. Nikarudi chini, nikashuka, nikashuka tena. Nilikuwa namba hamsini na saba.

Ilinichukua muda, na mimi ndiye niliyekuwa mzuri kwa hesabu. Yeye alipoteza miezi miwili ya baba yake. Mimi nilipoteza mwaka mzima wa miraa, pamoja na kila rubani wa kampuni yetu aliyeanzia kwenye magunia, yaani sisi sote. Tulipoanguka kwa pamoja, yeye akapanda kwa sababu tu tulimwachia nafasi. Wiki nzima mbele ya kioo nilikuwa nimepima siku zake moja moja, na zangu sikuzigusa. Kichwani mwangu mimi nilianza kazi siku ile ya kwanza niliporuka, na kama nyuma yangu nilikuwa nimebeba magunia au maaskofu, hilo halikuwahi kuwa swali. Watu sita wetu walipoteza kiti cha kushoto. Mkongwe wa Wote hakukipoteza, yuko juu mno, lakini alinitumia ujumbe mmoja kwenye simu: "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Wale sita hawakuniandikia kitu. Tukikutana kwenye chumba cha marubani wanakumbuka ghafla kwamba wana simu ya kupiga.

Jumapili iliyofuata barua hiyo nilikuwa Kabati, na yeye pia alikuwepo. Sikuwa nimemwambia mama. Kila nikijaribu nilimwona ameshika kile kitenge, nikaanza kuzungumzia mvua. Niliingia kanisani nimejiandaa kwa aibu yangu. Nilijua habari za Kabati hazihitaji ndege, na nilijua kwamba leo mchungaji akiita kapteni, atakayesimama ni mwingine. Nilikuwa hata nimechagua uso wa kupigia makofi.

Mchungaji akamaliza matangazo ya ujenzi wa choo cha kanisa na harambee ya vijana. Akavua miwani. "Bwana asifiwe. Naona tuna wageni wetu wa Nairobi. Kapteni wetu asimame tumwone."

Nikageuka. Rafiki yangu alikuwa safu mbili nyuma, kando ya mama yake. Alikuwa ametazama Biblia yake, akigeuza kurasa kama mtu anayetafuta mstari fulani, na hakuinua macho. Mama yake naye alinitazama mimi, akitabasamu, akingoja. Hapo nikaelewa kwamba rafiki yangu pia hakuwa amemwambia mama yake. Amekuwa kapteni wiki nzima, na nyumbani kwake hakuna anayejua.

Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, na mchungaji angenipa kipaza sauti. Ningeweza kunyoosha kidole nyuma na kusema yule pale, ndiye anayeendesha, mimi nasaidia.

Mama akanigusa mbavu kwa kiwiko. "Simama, mwanangu, unaitwa."

Nikasimama.

Makofi yakaja. Niligeuka kidogo kama ilivyo desturi, ili walio nyuma nao wanione, nikamwona amefunga Biblia, anapiga makofi na wengine. Na vigelegele vilipotoka, aliyevipiga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama yake.