Pikipiki Katika Shamba la Mama Mkwe

“Jumanne, tarehe 14 mwezi wa tisa, 1999. Ukungu mpaka saa nne, kisha manyunyu.” Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile kule Bugeshi. Sina hakika na saa nne, maana saa yangu ilikuwa na tabia ya kusimama kila nilipoinama. Lakini manyunyu yalikuwepo, nina mashahidi.

Mama mkwe wangu alikuwa na shamba dogo la viazi chini ya volkano, na katikati ya shamba palikuwa na pikipiki. Mtu aliiacha hapo wakati wa vurugu, mafuta yalipomwishia, au alipoona miguu yake ina mbio zaidi. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Kusema alikuwa mzuri pia siwezi. Pikipiki nyingine mbili zilikuwa juu zaidi, ukingoni mwa msitu, zimemezwa na nyasi, lakini zile hazikulala katika shamba la mtu, basi hazikumsumbua mtu.

Wanajeshi walikuja, wakaizunguka, wakapima ardhi, wakasema hakuna bomu. Hilo walilifanya vizuri, sina neno. Ila mmoja wao, alipokuwa anaondoka, aligeuka akasema: isipotee. Toka hapo ikawa taabu. Kule mlimani kila mtu alijua kwamba atakayeihamisha wa kwanza ndiye atakayeulizwa mwenye pikipiki alikwenda wapi. Majirani ambao kila mwaka walimsaidia mama mkwe kulima walikataa kutia jembe karibu nayo. Yeye peke yake, na nyonga yake ile, hakuweza kulima hata mstari mmoja.

Msimu mmoja ulikwisha kupita hivyo. Sasa mvua zilikuwa zimerudi, na vikapu vitatu vya mbegu vilikuwa vimechipuka mpaka machipukizi yanachungulia nje. Juma moja zaidi, mbegu zingeisha nguvu. Hapo angebaki kula tutakachompelekea sisi kutoka Gisenyi, na yeye hakuwa mtu wa kupelekewa.

Aliniita kwa sababu moja tu.

“We ulisoma,” aliniambia. “Andika kila kitu iko nayo. Siku watakuja kuuliza, karatasi itajibu.”

Nilisoma miaka sita tu, Goma, na mmoja kati ya hiyo niliurudia. Niliandika hata hivyo. Kiti kimoja, kimechanika, sijui na nani. Taa moja. Matairi mawili, moja halina mpira wa ndani (mpira ule ni kamba nzuri ya kufungia mizigo, na sifichi kwamba hata mimi niliutazama uliobaki). Kioo kimoja, upande wa kulia. Nikafuta nikaandika kushoto, kwa kuwa inategemea umesimama wapi. Mwisho nikaandika: upande wa volkano.

“Na wakiigeuza?” mama mkwe akauliza.

Nikafunga daftari.

Mkuu wa selile, kiongozi wa kijiji, akafika na majirani, nyumba tisa jumla pamoja na ya mama mkwe. Alisema pikipiki inaweza kutolewa shambani, lakini yeye hakusema itolewe.

“Mi siigusi,” alisema jirani mmoja mzee, mwenye ng’ombe mmoja. “Nikigusa tu, kesho wataniomba permi ya kuendesha.”

“Permi!” mama mkwe akamcheka. “We mutu gani? Hata ngombe yako inakatala umuendeshe.”

Watu wakacheka, mzee naye akacheka, lakini hakusogea.

Hapo ndipo nilipotoa shauri, na mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Nilisema kila nyumba itoe mtu mmoja, wote waishike kwa mara moja, asiwepo wa kwanza. Kisha itunzwe kwa zamu, mwezi mmoja mmoja, kama wanawake wa soko la Mahoko wanavyopokezana kibina, ile fedha ya mchango. Wa kuanza tumpate kwa vijiti vya mtama, atakayevuta kifupi.

Wakakubali. Mzee wa ng’ombe akaninong’oneza kwamba mama mkwe aachwe nje ya vijiti, maana amekwisha kukaa nayo vya kutosha. Lazima niliandike hili, ni haki yake. Mimi nilikataa. Nilisema nyumba tisa, vijiti tisa, nikitoa kimoja watasema napendelea ndugu.

Mama mkwe akavuta kifupi.

Yeye akakitazama kile kijiti, kisha akanitazama mimi.

“Asante, mukwe,” akasema. “Kweli ulisoma.”

Kurudia kuvuta kungekuwa wizi. Tukainama. Tulihesabu moja, mbili, tatu, na hakuna aliyeshika, kila mmoja akingoja mkono wa mwenzake. Mara ya pili tukashika. Ilikuwa nzito mno kwa kitu kisichokwenda popote. Tukaishusha mpaka uani kwake, nyuma ya jiko, tukaiegemeza ukutani.

Tuliporudi juu, shamba lilikuwa shamba tu. Mzee wa ng’ombe alilitazama, akatazama mikono yake yenye matope, akaenda kuleta jembe. Wengine wakamfuata. Kufikia saa kumi mbegu zilikuwa ardhini, isipokuwa za pale ilipolala pikipiki. Udongo wa pale ulikuwa mweusi kwa oili, hakuna aliyetaka kuuchimba. Ikabaki nusu kikapu.

Zamu ya pili ilikuwa ya mzee wa ng’ombe. Mwezi ulipofika alisema mgongo unamuuma. Huenda ni kweli, mgongo wa mtu hauonekani. Pikipiki ikakaa kwa mama mkwe miaka, mbuzi akafungwa kwenye usukani, na hakuna aliyekuja kuuliza. Karatasi ninayo. Kioo sasa kinatazama ziwani.

Jioni ile ya kupanda tulikula nusu kikapu iliyobaki. Tulivunja machipukizi, tukamenya, tukachemsha viazi pamoja na maharage. Vilikuwa vitamu kupita kiasi, kama viazi vilivyongoja. Mama mkwe alipakua sahani ya kwanza akampelekea mzee wa ng’ombe, na sahani ikarudi tupu.